Fanani Ulingoni, Hadhira Kimya: Muhammad Ali katika Filamu, Katuni na Siasa

Katika kurasa kama hizi wahakiki wamezoea kupima riwaya, tamthilia na mashairi. Hilo ni jambo jema, wala hatukusudii kulipinga. Lakini mwalimu ye yote anayepita karibu na wanafunzi wake wakati wa mapumziko atasikia kwamba ubishi mkali hauhusu riwaya. Unahusu mpira, ndondi, nyimbo, katuni na siasa, na aghalabu mambo hayo yote huchanganywa katika pumzi moja. Watu wazima barazani hufanya vivyo hivyo. Mazungumzo hayo huitwa porojo, na kwa kuwa huitwa porojo, hayahakikiwi. Matokeo yake ni kwamba kijana hufundishwa kuuliza ni nani anayesimulia katika riwaya na kwa faida ya nani, lakini huachwa mikono mitupu mbele ya filamu na picha zinazomfikia kila siku.

Katika makala haya tumechagua mtu mmoja ambaye ndani yake mambo hayo yote yalikutana: bondia Muhammad Ali, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2016. Tutamtazama mara tatu: katika filamu inayohusu pambano lake la Kinshasa, katika kitabu cha katuni cha mwaka 1978, na katika ujumbe wa kisiasa aliotumwa mwaka 1980. Swali letu halihusu ubingwa wake, kwani hilo lilikwisha jibiwa ulingoni. Swali letu linahusu wale waliomtazama.

Kipimo

Kipimo tutakachotumia hakitoki mbali. Katika fasihi simulizi yetu kuna fanani na kuna hadhira, na hakuna anayeweza kumwondoa mwenzake. Fanani haanzi mpaka aitikiwe. Husema "Paukwa!" na kama hakuna anayesema "Pakawa!" basi hadithi haipo. Hadhira hucheka, huguna, huuliza, hukosoa, na wakati mwingine humlazimisha fanani abadili njia. Kwa sababu hiyo hadhira ya fasihi simulizi si mashahidi tu, bali ni washiriki wenye haki ya kujibu.

Hebu basi tuwapime wasanii wa filamu, wachoraji wa katuni na wanasiasa kwa kipimo hicho hicho. Je, wameipa hadhira nafasi ya kujibu, au wameiweka nyuma ya bingwa kama pazia lililochorwa?

Kinshasa, 1974

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, Ali aliyekuwa na miaka 32 alipambana na George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Foreman alikuwa na miaka 25 na hakuwa amepata kushindwa. Alikuwa amewaponda Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi mbili tu. Ali aliegemea kamba za ulingo, akajikinga, akamwacha mwenzake apige hata achoke, na katika raundi ya nane akamwangusha. Kila mmoja wao aliahidiwa dola milioni 5 za Marekani, na serikali ya Zaire chini ya Rais Mobutu ndiyo iliyozidhamini fedha hizo. Tangu tarehe 22 hadi 24 Septemba kulikuwa na tamasha kubwa la muziki. Pambano lilikusudiwa kulifuata mara moja, lakini Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa kwa wiki tano.

Mtengenezaji wa filamu Leon Gast alikuwapo na kamera zake. Matatizo ya fedha na sheria yalimchelewesha miaka 22, na filamu yake ikatoka mwaka 1996 kwa jina la When We Were Kings, yaani Tulipokuwa Wafalme. Mwaka 1997 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya maisha halisi.

Hatutaki kuinyima sifa zake. Ni filamu yenye mwendo wa kupendeza. Ali anavyozungumza ndani yake ni somo zima la ufasaha: anatania, anatisha, anabembeleza, anahubiri, na kila anapogeuka huwa ana msikilizaji mpya. Anaposimulia jinsi alivyoshangaa kuona ndege ikiendeshwa na marubani weusi, mtazamaji hupata kuelewa kwamba safari ile kwake haikuwa ya kutafuta fedha tu. Aidha, filamu haifichi kwamba mwenyeji wa sherehe alikuwa mtawala wa kuogofya.

Lakini tuhesabu wanaosema. Waliohojiwa baadaye ili kutufafanulia mambo ni waandishi Norman Mailer na George Plimpton, mtengenezaji wa filamu Spike Lee, Thomas Hauser aliyeandika maisha ya Ali, na Malik Bowens, msanii mzaliwa wa Mali. Bowens anasema vizuri, na ni yeye anayetukaribisha zaidi kwenye hisia za Waafrika wa wakati ule. Hata hivyo, katika orodha hiyo ya wafafanuzi hayumo Mkongo hata mmoja. Watu wa Kinshasa wanaonekana kwa maelfu, wakikimbia nyuma ya Ali, wakicheza, wakipiga makofi. Wanaitikia, lakini hawaulizwi. Wameitwa waseme "Pakawa" na kisha wakafungwa midomo.

Hapa jina la filamu linastahili kuchunguzwa na walimu wa lugha. Tukilitafsiri kwa Kiswahili, tunalazimika kuweka kiambishi tu-: tulipokuwa. Tu- nani? Kiambishi hiki katika Kiswahili kinaweza kumchukua msikilizaji ndani yake, na kinaweza pia kumwacha nje. Je, waliokuwa wafalme ni Ali na Foreman? Ni watu weusi wa Marekani waliofika bara la mababu zao? Ni wanamuziki? Au ni wananchi wa Zaire pia? Filamu inataka tuamini kwamba ni wote. Picha zake, kinyume chake, zinasema kwamba wengine walikuwa wafalme na wengine walikuwa uwanja ambamo ufalme ulichezewa.

Ushahidi mmoja wapo ni saa ya pambano. Ngumi zilianza yapata saa kumi za alfajiri. Hakuna desturi ya Kongo inayowataka watu wakatazame ndondi wakati jogoo anajiandaa kuwika. Saa hiyo ilichaguliwa kwa sababu Marekani ilikuwa bado usiku haujawa mkubwa, na wenye kulipia kutazama walikuwa hawajalala. Hadhira iliyokusudiwa haikuwapo uwanjani. Ile iliyokuwapo uwanjani ilikuwa sehemu ya mapambo ya kuionyesha hadhira ya mbali.

Ushahidi wa pili unamhusu Miriam Makeba. Plimpton anasimulia katika filamu juu ya mganga aliyetabiri kwamba mwanamke mwenye mikono inayotetemeka, aina ya jini, angemnyonya Foreman nguvu zake. Baada ya maneno hayo mtengenezaji anatuonyesha Makeba jukwaani, naye hurudi tena kama kivuli wakati Foreman anapoanguka. Kwa ufundi wa kuunganisha picha, jambo hilo ni la kijanja. Kwa maana yake, linatuhuzunisha. Makeba alinyimwa njia ya kurudi kwao Afrika ya Kusini tangu mwaka 1960, na mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuushitaki ubaguzi wa rangi. Mwanamke mwenye maneno mazito kiasi hicho amepewa kazi ya kuwa jini katika hadithi ya mwingine.

Maneno yaliyovuka mipaka

Neno pekee la hadhira ya Kinshasa lililofika duniani kote ni ule mwito wao wa Kilingala: "Ali, boma ye!" Maana yake ni "Ali, muue!" Sikio la Mswahili husikia hapo neno boma, akadhani panatajwa ngome au uzio. Sivyo. Katika Kilingala koboma ni kuua.

Mwito huo umeandikwa mara nyingi kama ushahidi wa ukali wa umati. Tafsiri ya namna hiyo ni sahihi kikamusi na potofu kimatumizi. Mshabiki wa mpira anayepiga kelele "Maliza!" au "Chinja!" haombi damu. Lugha ya uwanjani ina kanuni zake, kama lugha ya majigambo ilivyo na kanuni zake. Zoezi la kutafsiri maneno matatu hayo, darasani, lingewafundisha vijana zaidi juu ya tofauti ya maana ya neno na matumizi ya neno kuliko kurasa nyingi za sarufi.

Mwenzake wa mwaka ule ule

Mwaka 1974 haukuwa wa ndondi peke yake. Mwezi Machi timu ya taifa ya Zaire ilitwaa Kombe la Afrika nchini Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika mashindano mamoja hadi leo. Mwezi Juni timu hiyo hiyo ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, ikafungwa 2-0 na Uskoti, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazili. Katika mchezo wa mwisho Wabrazili walipewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, mlinzi Mwepu Ilunga alichomoka kutoka katika ukuta, akaubutua mbali. Mwamuzi akampa kadi ya njano.

Kipande hicho cha picha kimeonyeshwa kwa miaka mingi kama kichekesho: tazameni, Mwafrika hajui sheria za mpira! Mwepu aliishi hadi mwaka 2015, na alipoulizwa alieleza kwamba sheria alizijua sana. Wachezaji hawakuwa wamelipwa, walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu baada ya kipigo cha Yugoslavia, na kitendo chake kilikuwa namna ya kukasirika hadharani. Basi, sekunde chache za picha bila sauti ya mwenyewe zilimfanya mjinga, na dakika chache za kumsikiliza zilimrudishia akili na heshima yake. Filamu ya Gast na kichekesho hiki zina tabia moja: zote mbili zinamwonyesha Mkongo pasipo kumuuliza.

Kwa sisi tunaofundisha magharibi ya Ziwa Tanganyika jambo hili si la nadharia. Nchi yetu ndiyo iliyoidhamini sherehe hiyo. Nguzo ya uchumi wake ilikuwa madini ya jimbo ambalo wakati huo lilikuwa limepewa jina la Shaba, na katika mwaka ule ule wa 1974 bei ya shaba duniani ilianza kuporomoka. Mwenye kugharimia arusi angalau huulizwa kama ameshiba.

Katuni ya mwaka 1978

Mwaka 1978 kampuni ya DC Comics ya Marekani ilitoa kitabu kikubwa cha katuni kiitwacho Superman vs. Muhammad Ali. Mchoraji wake mkuu alikuwa Neal Adams. Hadithi ni hii: viumbe wa sayari nyingine wanatishia kuiangamiza dunia isipotoa bingwa mmoja wa kupigana na bingwa wao. Superman anajitolea, na Ali pia. Inaamuliwa wapigane wao kwanza, mahali ambapo Superman hana nguvu zake za ajabu, na Ali anampiga Superman kipigo cha kutisha. Kisha Ali anamshinda bingwa wa wageni, nao wageni wanasambaratishwa kwa ujanja wa Superman.

Wako watakaosema kwamba hiki ni kitabu cha watoto, tukiache. Sisi twaona kwamba ndani yake mna hoja ya siasa iliyo wazi kuliko ya filamu. Ali anapodai haki ya kuiwakilisha dunia, hoja yake si kwamba yeye ana nguvu zaidi. Hoja yake ni kwamba Superman hakuzaliwa duniani. Mgeni, hata akiwa mwema na mwenye nguvu namna gani, hawezi kuwasemea wenyeji. Kuweka maneno hayo katika kinywa cha mtu mweusi aliyewahi kunyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini, katika kitabu kilichouzwa kwa vijana wa Marekani yote, halikuwa jambo dogo.

Lakini mtazame hadhira. Kwenye jalada la kitabu umechorwa umati wa watu mashuhuri 172 waliouzunguka ulingo: waigizaji, waimbaji, wanamichezo kama Pelé, na Rais Jimmy Carter mwenyewe. Wote wameketi wakitazama. Ni jalada la kuvutia, na wasomaji wengi wamefurahia kutafuta nyuso wanazozijua. Lakini wananchi wa kawaida wa dunia, wale ambao maisha yao ndiyo yanayopiganiwa, hawapewi nafasi ya kuulizwa wanamtaka nani. Bingwa wa dunia anapatikana kwa ngumi. Hadhira imekuwa maarufu, lakini bado ni kimya.

Dar es Salaam, 1980

Sasa tufike kwenye tukio ambalo halikutengenezewa filamu yenye tuzo, ingawa kwa maoni yetu lina sanaa kubwa kuliko yote mawili. Desemba 1979 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Rais Carter, yule yule wa kwenye jalada, akataka mataifa yasusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Mwezi Februari alimtuma Ali Afrika kushawishi serikali tano: Tanzania, Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam.

Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Ilionekana kuwa ni dharau kwa taifa huru kutumiwa mwanamichezo, hata awe mashuhuri kiasi gani, kujadili jambo zito la nchi na nchi. Ali akaachiwa kuonana na waziri aliyehusika na michezo. Kisha waandishi wa habari wakamkabili. Walimuuliza kama yeye si kibaraka wa serikali ya Marekani. Walimuuliza swali zito zaidi: mwaka 1976 nchi za Afrika zilipoisusia michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika ya Kusini ya makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Kwa nini Waafrika waisaidie Marekani ambayo haikuwasaidia?

Ali alikiri hadharani kwamba hakuwa ameambiwa mambo hayo, na kwamba huenda asingekuja kama angeyajua. Safari ikaendelea. Kenya ilikuwa tayari upande wa kususia, Nigeria ikakataa. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui medali ya fedha katika mita 5,000. Hadi kufikia michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Msomaji ataona kejeli iliyomo. Ile hoja ambayo Ali wa katuni alimtolea Superman, kwamba mgeni hawezi kuwasemea wenyeji, waandishi wa Dar es Salaam walimtolea Ali mwenyewe. Nao hawakuwa na chuki naye. Walimpenda. Kumuuliza kwao kulikuwa sehemu ya kumpenda, kama vile hadhira ya hadithi inavyomuuliza fanani inayempenda ikiona amepotoka.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba Kinshasa kulikuwa na watu wasiojua kuuliza na Dar es Salaam kulikuwa na wajuzi. Nchi zote mbili zilikuwa na chama kimoja, na hakuna serikali iliyokosa mambo yake ya kuficha. Watu wa Kinshasa walikuwa na maswali, na nyimbo zao za miaka ile, zenye mafumbo tele, ni ushahidi. Tofauti ni kwamba Kinshasa hakuna aliyewanyooshea kipaza sauti.

Hukumu yetu

Kwa hiyo, tukiulizwa ni wapi Ali alikuwa fanani mkubwa zaidi, hatutataja raundi ya nane. Tutataja ule mkutano wa waandishi, ambapo alishindwa. Alikuja na maneno aliyotayarishiwa na wengine, akasikia jibu, na badala ya kulifunika kwa mzaha akalikubali. Fanani anayeweza kubadilishwa na hadhira yake ndiye fanani wa kweli.

Filamu ya Gast tunaipa heshima yake kama kazi nzuri yenye upungufu mkubwa. Upungufu huo wengine wamejaribu kuupunguza. Mwaka 2008 mabaki ya picha zile zile yalitumiwa katika filamu Soul Power, ambayo imewapa wanamuziki nafasi pana zaidi. Mwaka 2017 Hugh Masekela na Stewart Levine, walioliandaa lile tamasha, walitoa santuri ya wasanii wa Afrika pekee: Franco na T.P.O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini, Makeba na wengineo. Mwalimu atakayeonyesha filamu ya kwanza bila kuwasikilizisha wanafunzi santuri hii atakuwa amewasomea nusu ya kitabu.

Kilichobaki ni kazi yetu. Waliokuwa vijana mwaka 1974 wamezeeka sasa, na wengi wamekwisha tangulia. Kila kijiji na kila mtaa wa upande wetu una mzee aliyesikiliza pambano lile au mechi zile kwa redio, mwenye mengi ya kusema juu ya bei ya unga, juu ya nyimbo, juu ya uoga na juu ya fahari ya wakati ule. Wanafunzi watumwe kwao na daftari. Wawaulize kwa Kiswahili, waandike majibu kwa Kiswahili, na majibu hayo yasomwe darasani kando ya filamu na kando ya katuni. Wazee hao wamekwisha itikia "Pakawa" zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na wanangoja zamu yao ya kusema.